Mgeni wa Benchi la Nyuma

Mimi si mtu wa kuona vitu. Naomba hilo lieleweke kabla sijafika mbali, kwa sababu hapa Karatu watu wa kuona vitu tunao, na tunawajua. Nina jirani mmoja ambaye kila akichelewa kurudi kwake, basi amefukuzwa na fisi aliyevaa shanga. Mimi nikichelewa, nimechelewa. Nafundisha sayansi darasa la saba, na kitu nikikiona nataka kukigusa ndipo nikubali.

Kwa hiyo ninachokueleza kilitokea. Hakikutokea usiku wa manane wala porini. Kilitokea Jumamosi saa kumi na moja jioni, kanisani, mbele ya watu zaidi ya sitini, wengine Wazungu wenye kamera. Usiponiamini una haki yako, ila nisikilize kwanza.

Kanisa letu ni la mawe, la zamani. Jina silitaji, wenyeji watalijua. Mawe yake waliyachonga babu zetu enzi za wamisionari, na kuta ni nene kiasi kwamba sauti ikitoka hairudi haraka ilikotoka, inazunguka kwanza. Ndiyo maana tukaanzisha tamasha. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, msimu wa wageni, kwaya yetu huimba nyimbo za nota, zile kubwa za kale kutoka Ulaya, za sauti nne, zilizotiwa maneno ya Kiswahili na wazee waliotutangulia. Watalii wanaolala lodji kabla ya kupanda kreta kuona wanyama hushuka kusikiliza. Huwa wanashangaa wakiona madaftari yetu, maana hatutumii ile mistari mitano yenye vichwa vyeusi. Sisi tunaandika do-re-mi kwa herufi, kwa mkono, mtu akinakili kwa mwenzake. Mzungu mmoja aliniuliza kama tunaimba barua.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Kwanza nilikuwa mwenyekiti wa kwaya. Pili nilikuwa mkaribishaji. Nasimama mlangoni, nashika mkono wa kila anayeingia, nampeleka mbele, kwa sababu mgeni kwetu hakai nyuma. Kisha kabla ya wimbo wa kwanza nawaomba wageni wasimame mmojammoja, waseme jina na wanakotoka, nasi tunawapigia makofi. Hata awe ametoka Uholanzi kuja kuangalia vifaru tu, atasimama, atajitambulisha, atapigiwa makofi. Ndivyo tulivyo.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni mwangu Jumamosi ile, maana bila hicho hutaelewa kitu.

Nilikuwa na barua mkobani. Barua ya baraza la wazee wa kanisa, na kesho yake Jumapili nilitakiwa kuisoma kwenye matangazo. Ilikuwa inamtenga Restituta, msichana wa miaka ishirini na mitatu, soprano wetu bora, kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi minne na hakuwa na ndoa. Kijana mwenyewe, dereva wa magari ya watalii, alikuwa ameahidi kuja kwa wazazi, na tangu aahidi simu yake haipatikani. Aliyetengwa kwetu hatoki kanisani. Anatoka kwaya, hashiriki meza ya Bwana, na anakaa benchi la nyuma karibu na mlango mpaka siku atakapotubu mbele ya watu na kupewa mkono, arudi kundini. Na akiwa mwanakwaya, jina lake halisomwi na mzee wa kanisa. Husomwa na kiongozi wa kwaya mwenyewe, isije ikasemwa kwaya inaficha watu wake.

Resti, kama tunavyomwita, nimemlea mimi. Ananiita Aayo, yaani mama kwa Kiiraqw.

Utaniuliza, ulitaka kumsoma mtoto uliyemlea? Nilitaka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nilijiambia maneno hayo wiki nzima nikipika, nikisahihisha madaftari, nikilala. Lakini ukweli haukuwa sheria. Ukweli ni kwamba nilishawahi kumsoma mama yake.

Mama yake aliitwa Emiliana. Tulikuwa wawili wa sauti ya pili, tunasimama bega kwa bega, tunatumia daftari moja. Alikuwa na kipaji ambacho sijakiona tena. Alikuwa anatoa sauti ya kuanzia bila kinanda. Mwalimu wa kwaya anataja wimbo, Emiliana anafumba macho kidogo, anatoa do, na kinanda kikija kujaribiwa kinakuta ni ileile. Alipopata mimba nilikuwa katibu wa kwaya, msichana mwenye bidii ya dini na kichwa kikubwa. Nilisimama nikasoma jina lake kwa sauti safi kabisa. Akaenda benchi la nyuma. Miezi mitano alikaa pale, hatua kama ishirini kutoka nilipokuwa nasimama, na mimi rafiki yake sikugeuka hata siku moja.

Alifariki akimzaa Resti, kabla ya siku yake ya kupewa mkono. Kwa kanuni ya wakati ule, aliyekufa ametengwa hakuzikwa na kanisa. Kengele haikugongwa na kwaya haikuimba. Alizikwa shambani kwao na ndugu zake, mimi nimesimama mbali kwenye mahindi, daftari letu nimelifumbata chini ya kitenge, nikaogopa kufungua mdomo. Bibi aliyebaki na mtoto alipokufa nilimchukua Resti akiwa na miaka saba. Watu walinisifu. Hawakujua kwamba nilikuwa nalipa.

Unaelewa sasa kwa nini nilitaka kusoma ile barua? Ningeacha kumsoma Resti, ningekuwa nimekiri kwamba mama yake nilimwonea. Na hilo sikuwa tayari kulikiri.

Basi, Jumamosi. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wa baridi, na ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni mpaka barabarani, hata duka la Baba Rehema ng'ambo ya kanisa ulikuwa huoni ila taa yake. Baba Rehema ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, anauza kanga na miavuli, na hakosi tamasha letu hata moja. Hupenda kusikiliza akiwa amesimama kibarazani pake, anasema akiingia ndani atasinzia.

Wageni walikuja na magari yao, wamejifunika mablanketi ya lodji. Nikashika mikono, nikapeleka mbele. Wa mwisho alikuja kwa miguu, peke yake. Msichana mwembamba, Mwiraqw kwa sura, amejitanda shuka la kijivu mpaka kichwani kwa baridi. Nikadhani ni mwanafunzi wa chuo fulani, amesikia habari zetu.

"Karibu, mwanangu," nikamwambia. "Pita mbele, nafasi ipo."

Akatabasamu kama mtu aliyetaniwa. "Asante, mama. Nitakaa huku."

Akaketi benchi la nyuma. Nikamwambia hapana, huko kuna upepo, na mgeni hakai huko. Akasema amezoea. Nikamwona ni mbishi, nikamwacha.

Sikumtambua. Wewe ungemtambua? Mimi nina miaka arobaini na saba, nina mvi, nina magoti yanayotabiri mvua. Rafiki yangu kichwani mwangu alikuwa amezeeka pamoja nami bila mimi kujua. Sikuwahi kufikiri kwamba wafu wanabaki na umri wao.

Saa ikafika. Kwaya imejipanga mistari, Resti yuko mbele kwa sababu alikuwa na shairi la kuimba peke yake kwenye wimbo wa tatu. Alikuwa ameifunga sare yake mkanda juu kidogo. Alijua habari ya barua, na alijua mimi ndiye msomaji, nasi tulikuwa tumekula chakula cha mchana bila kusemeshana. Nikawaomba wageni wajitambulishe. Wakasimama, huyu Ujerumani, huyu Kanada, yule na mkewe wanatoka Moshi, makofi, makofi. Nikafika nyuma.

"Na wewe binti wa shuka la kijivu?"

Akasimama. Shuka likateleza kutoka mabegani, mikono ikabaki wazi.

"Naitwa Emiliana," akasema. "Sitoki mbali, ni wa hapahapa. Nilikuwa sauti ya pili."

Watu wakampigia makofi. Walisikia wote, naomba ulishike hilo. Mwongoza watalii aliwatafsiria Wazungu wake, nao wakageuka wakatabasamu. Waimbaji wetu ni vijana, hakuna hata mmoja aliyemjua, na mwalimu wao ametoka Babati miaka mitatu tu iliyopita. Kanisa zima aliyekuwa na sababu ya kuanguka chini ni mimi.

Sikuanguka. Nilijiambia akina Emiliana ni wengi, na kweli ni wengi, ukiita jina hilo sokoni watageuka wanne. Lakini kidevu, na kovu dogo la kuungua juu ya kiwiko, ambalo nililisababisha mimi na sufuria ya uji tukiwa na miaka tisa? Nikaketi kwenye kiti changu cha pembeni. Nikashika mkoba wenye barua kwa mikono yote miwili.

Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, sikusikia neno. Kwenye wa tatu, kwaya ikatulia, Resti akavuta pumzi aanze shairi lake, na umeme ukakatika.

Kukatika kwa umeme kwetu si ajabu. Ila kinanda chetu ni cha umeme siku hizi, na kikazimika katikati ya kumpa sauti. Kanisa likawa na ule mwanga mdogo wa kijivu wa madirishani. Mwalimu akawa anahangaika na nyaya. Resti akabaki amefungua mdomo. Nilimwona akitafuta nota, akiikosa, mkono umekwenda tumboni bila yeye kujua. Nakwambia, wiki nzima nilikuwa sijamwangalia vizuri, na wakati ule nilimwona. Alikuwa mtoto aliyeogopa na hana pa kushika.

Ndipo sauti ikatoka nyuma.

Nota moja tu, ya chini kidogo, laini, bila kulazimisha. Ikazunguka kwenye zile kuta, ikamfikia. Resti akageuza uso kuifuata, akaidaka, akaanza. Na alipokuwa anaimba, ile sauti ya nyuma ikashuka ikamshika kwa chini, sauti ya pili, ikipumua mahali palepale ambapo Emiliana alikuwa anapumua, mahali pabaya, katikati ya neno, ambapo mwalimu wetu wa zamani alimgombeza miaka mitatu bila mafanikio.

Mama na mwana, wote miaka ishirini na mitatu, wakaimba wimbo mmoja. Nililia. Sitaki kukuficha, nililia kama mtoto.

Wimbo ulipoisha Wazungu wakasimama kupiga makofi, na ndani ya kelele ile nikainuka nikatembea kwenda nyuma. Zile hatua ishirini. Niliogopa sana, lakini niliogopa zaidi kwamba ataondoka. Nikaketi kando yake.

"Umeniita mwanangu," akasema, akicheka kidogo. Ilikuwa sauti yake ya utani, ileile.

"Nisamehe," nikasema. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya miaka ishirini na mitatu, na nikakuta yote imebaki neno hilo moja. "Emi, nisamehe."

Alinyoosha mkono wa kulia mbele yangu, akauacha hapo. Nikaelewa anataka nini. Mimi si mchungaji. Sina mamlaka ya kumrudisha mtu kundini, hata kuku siwezi kumrudisha bandani bila kufukuzana naye. Lakini niliushika. Nikasema yale maneno tunayosemaga, karibu, dada, rudi kundini, mahali pako papo. Na mkono haukuwa wa baridi. Hadithi zote husema wafu wana baridi. Wake ulikuwa na joto, wenye unyevunyevu kidogo, kama wa mtu aliyetoka kuosha vyombo.

Akafumba macho. Kisha akamwangalia Resti kule mbele, akamwangalia sana.

"Kesho utasoma?" akaniuliza.

"Sisomi."

"Akisoma mwingine?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Wakimsoma," akasema taratibu, "wewe utakaa wapi?"

Umeme ukarudi. Taa ziliwaka zote kwa pamoja, nikafumba macho kwa mwanga, na nilipoyafumbua mlango ulikuwa unajifunga. Sikumkimbilia. Nilijua hana tena la kuniambia.

Tamasha lilipokwisha Baba Rehema alivuka barabara kuja kusalimia kama kawaida yake. "Mwalimu," akaniambia, "yule mgeni wako wa shuka la kijivu alitoka mapema. Nikamwita nimwazime mwavuli, manyunyu yameanza. Akasema asante baba, kwangu si mbali. Akapita njia ya mashambani. Nani yule, ni ndugu yako?" Nikamwambia ndiyo. Na Resti, tukiwa tunarudi nyumbani, alinishika mkono kwa mara ya kwanza wiki ile. "Aayo, nani alinipa sauti kule nyuma?" Nilimweleza usiku huohuo, yote, na la mahindini pia. Akauliza mama yake alikuwa amevaa nini miguuni, na nikaumia kwa sababu sikuwa nimeangalia.

Jumapili nilimrudishia mchungaji barua, nikamwambia sitasoma. Hakunigombeza. Ni mtu mpole, mgeni wa kanuni ambazo hakuzitunga. Lakini baraza ni baraza, na mzee mmoja wa kanisa akasimama akaisoma badala yangu. Resti akatoka mstari wa kwaya, akatembea peke yake kwenda nyuma, watu wote wanamwangalia mgongo.

Nikainuka. Nilikuwa nimevaa sare na beji ya mwenyekiti. Nikavua beji, nikaiacha kwenye kiti, nikamfuata, nikaketi naye. Mzee akasema, "Mwalimu, pale si mahali pako." Nikamjibu kwamba mahali pangu ni palepale, nimechelewa tu kufika.

Nami nikatengwa, kwa kukaidi. Ndiyo, mimi, mwenyekiti. Jumapili ya pili tulikuwa wawili benchini. Ya tatu akaja mama mmoja wa soprano, akasema kule mbele anaumwa na upepo wa dirisha, uongo mtupu, akasogea akakaa. Ya nne wakaja watatu. Kufikia mwezi wa tisa sauti ya pili yote ilikuwa nyuma, na mchungaji akawa anahubiri akiangalia juu ya vichwa vya watu wa mbele. Baraza likakutana mara nyingi. Mwishowe mtindo wa kusoma majina uliachwa. Hakuna aliyetangaza kwamba umeachwa. Haukufanyika tena, basi.

Resti alijifungua salama. Nilikuwa nje ya mlango wa wodi, na sijawahi kuogopa namna ile maishani. Mtoto ni wa kike, analia sauti ya chini. Kila mtu alitegemea ataitwa Emiliana. Resti akakataa, akasema jina hilo lina mwenyewe.

Mimi sina cheo tena, na sikitaki. Bado nasimama mlangoni Jumamosi za tamasha, bado nashika mikono ya wageni. Lakini mgeni akitaka kukaa nyuma simbishii siku hizi, nakwenda kukaa naye. Emiliana sijamwona tena. Nakwambia ukweli, namngoja. Kila ukungu ukishuka namngoja, na haji, na nadhani hana sababu ya kuja.

Sasa wewe unayenisikiliza. Huenda kwenu hakuna benchi la nyuma. Lakini yupo mtu, na unamjua, ambaye watu wamekubaliana kumwacha akae peke yake, nawe umekubaliana nao kwa kunyamaza. Nenda ukakae naye wiki hii, angali anapumua. Mimi nilikuwa na miezi mitano na sikwenda. Nikapewa nafasi ya pili, jioni moja, na mpaka leo sijui niliipata kwa wema gani. Wewe usiitegemee.